Jiwe Lenye Mifupa Halinyweshwi

Jua lilikuwa linazama Chuma alipofungua karakana ya mawe, amalizie kibao cha pili cha kuzungushia sinki la jikoni kwa dada yake. Cha kwanza alikifunga asubuhi, akamwonya dada asimwage maji mpaka jioni, gundi ikauke. Jina la Chuma alijipa mwenyewe. Mama yake hana habari nalo.

Alipopasua bonge la jiwe kwa tindo, akamwona. Mjusi wa mifupa, mkubwa kama paka, kajikunja ndani ya jiwe. Taya refu. Meno kama sindano.

"Likate kavu," alinong'ona shemeji, mume wa dada yake, aliyemfundisha kazi. "Jiwe lenye mifupa halinyweshwi. Na hawa hulala wawili wawili."

"Shem, na wewe unaogopa mijusi? Huyu kafa kabla babu yako hajaota meno."

"Kohoa vumbi. Maji usiguse."

Chuma na kukohoa wapi na wapi. Shemeji alipokwenda kuwasha taa, akafungulia mpira wa maji juu ya msumeno.

Jiwe likanywa.

Ikaja harufu ya tope la kale... Chuma akapapasa jiwe gizani. Shimo tu, lenye umbo la mjusi.

Kwa... kwa... kwa...

Kucha, juu ya mabati.

"Chuma, umefan—"

Kile kiumbe kilimrukia shemeji shingoni, wakaanguka wote. Damu ikarukia ukuta. Chuma akakikamata taya. Taya likafumba, vidole viwili vikaenda. Kwa mkono mwingine akashika nyundo. Akapiga. Akapiga tena. Hakikulia, kilipasuka kama kigae. Akakimwagia ndoo nzima ya vumbi la mawe.

Kikakauka.

Chuma alipowasha taa, mjusi alikuwa jiwe, vipande vipande. Vidole vya Chuma vilikuwa bado mdomoni mwake, navyo jiwe.

"Nimemmaliza, shem," Chuma alisema, akifunga mkono kwa shati. "Kesho usinitume tena maji ya chai."

Shemeji, kiganja kikibana shingo, hakucheka. "Kibao cha kwanza kilitoka bonge gani?"

"Hilihili..."

Simu ikalia mfukoni. Dada.

"We Chuma, fundi gani wewe? Naosha vyombo hapa, kibao chako kinafyonza maji yote. Kinanuka tope."

"Dada, funga bomba," alinong'ona. "Toka humo."

"Nishafunga. Ila hebu niambie, hili shimo lenye mkia ulilichonga la nini?"