Dereva Hatazami Pembeni

Yote yaliletwa na fimbo ya pazia. Ingekuwa fupi kidogo ingeingia kwenye teksi, na fundi wetu angezeeka bila kumjua dereva wa basi yeyote kwa sura. Lakini mteja alitaka pazia la ukuta mzima, na fimbo ya ukuta mzima haipandi teksi. Ndiyo maana jioni ile, watu wanatoka kazini na kituo kikuu kimejaa kama siafu, yule fundi mapazia alikuwa kasimama mlangoni mwa basi, gauni la kijani limemganda mgongoni kwa jasho, akibishana na kondakta aliyeapa kuwa basi ni la watu, si la mabomba.

Dereva akageuka kitini. Alikuwa na mabega mapana na shati lililopigwa pasi mpaka mikono.

"Mwache apande. Ikitoboa paa nitashona mwenyewe."

"Mabati hayashonwi, kaka," fundi akamjibu, bado ana hasira.

"Basi utanifundisha mapazia."

Abiria wakacheka, kondakta akashindwa, fimbo ikalazwa katikati ya viti. Fundi akakaa nyuma ya dereva, na kila taa nyekundu ilipowaka aliyakuta macho ya yule bwana kwenye kioo cha ndani, yanamtazama yeye. Kabla hajashuka, namba ya simu ilikuwa imeshatolewa. Nani alimwomba mwenzake kwanza, waulize wenyewe.

Mapenzi yakawaka. Dereva akifika mwisho wa safari, kabla ya kugeuza basi, anapiga simu. Pazia wangu, umekula? Pazia, leo unamshonea nani? Naye anamjibu kwamba anashona la chumba chao, amechoka kuwashonea watu. Kiti cha nyuma ya dereva kikawa chake. Watu wa njia ile wakajua, hata wazee walimwachia.

Kisha simu zikapungua, jamani, kama maji ya bomba wakati wa mgao. Akipigiwa anasema amechoka. Akiulizwa kulikoni, anasema hakuna kitu. Halafu ikaja ile siku ya mvua. Fundi alikuwa kwenye kituo cha sokoni, mwamvuli mwekundu mkono mmoja, furushi la kitambaa mkono mwingine, akaliona basi lake linakuja. Akautikisa mwamvuli juu. Basi likapunguza mwendo, likampita karibu kabisa, na dereva macho mbele, hata shingo hakugeuza. Maji ya barabarani yakamrukia mpaka kiunoni. Wasichana wawili waliokuwa pale wakaangaliana wakacheka. Alilia njia nzima, na kitambaa cha mteja kikalowa.

Shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa na dawa tayari. "Mwenye macho haambiwi tazama, mwanangu. Mtu kakupita mchana kweupe, wewe unangoja nini?" Kulikuwa na mwenye duka la magodoro, aliyefiwa na mkewe, mtu mpole, ameshamtuma kaka yake mara mbili kuulizia. Mwenye magodoro, shangazi akasema, hakulazi chini. Fundi akasema sawa. Alisema kwa hasira, lakini sawa ni sawa, na posa ikapokelewa.

Wiki hiyo hiyo dereva akapiga simu.

"Jumamosi sina zamu. Twende tukatembezwe mji na basi la watalii."

"Mji huu huu tunaokaa?"

"Huu huu. Nimeuendesha miaka yote sijawahi kuuangalia. Dereva hatazami pembeni, Pazia."

Fundi alitaka kumkatia simu. Akaona hapana, acha amwambie ana kwa ana, amwone anavyoumia. Akavaa gauni la njano lenye kiuno chembamba, lile ambalo yule bwana aliwahi kusema linasimamisha magari, makusudi, ajue alichopoteza.

Asubuhi walipanda basi la kawaida kuelekea mjini. Kijana aliyekuwa anaendesha akasema karibu bosi, na kondakta akakataa kuchukua nauli yao. Dereva akakaa kama abiria, lakini mguu wake wa kulia haukutulia. Kila walipokaribia taa ulikanyaga sakafu, unatafuta breki. Siku nyingine fundi angecheka mpaka ashike mbavu. Siku hiyo aligeuzia uso dirishani.

Basi la watalii lilikuwa la ghorofa, juu wazi, limejaa kofia pana na watoto waliopakwa mafuta ya jua. Hata kabla halijaondoka fundi akalitoa la moyoni.

"Nimeposwa."

Chini injini ikawaka.

"Na nani?"

"Mwenye duka la magodoro. Shangazi ameshapokea."

"Hongera," akasema, polepole. "Magodoro ni biashara nzuri. Kila mtu analala."

Hivyo tu. Fundi alitaka apige kelele, ateremke, amtukane hata. Mtu anasifu magodoro! Akakaa wima na gauni lake la njano.

Dada mwongozaji mwenye kipaza sauti akaanza kazi. Posta ya zamani, ina vichwa vya simba chini ya paa. Mahakama, mnara wa saa, daraja la reli. Dereva alikuwa anageuza shingo yote kila alipoambiwa kushoto, kulia, kisha anageuza na mabega, kama mtu aliyelala vibaya. Aliwatafuta simba wale kwa muda, na alipowaona akatabasamu kama mtoto. Akasema kituo chake kilikuwa chini yao hasa na hajawahi kuwajua.

Kwenye bustani walishuka kunyoosha miguu. Fundi alinunua aiskrimu mbili, akarudi, akamnyooshea moja kutoka ubavuni. Dereva hakuipokea. Alikuwa anatazama maua mbele yake tu. Aiskrimu ikamchuruzikia fundi vidoleni mpaka kwenye kiwiko, akaona huo ndio ujeuri wa mwisho, akazitupa zote mbili kwenye pipa. Wakati wa kupanda, dereva akagongana na mama mwenye mtoto aliyekuwa anapita kando yake, akaomba radhi sana, zaidi ya kosa lenyewe.

Basi likakata kona, likaingia barabara ya soko. Kile kituo kikaonekana. Fundi hakuweza tena.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo uliponipita na mvua yote ile. Nilikupungia mwamvuli mwekundu, na wewe ukanifanya kama nguzo."

Rangi ikamtoka yule bwana.

"Ulikuwa umesimama upande gani?"

Fundi akamtazama. Dereva hakuuliza siku gani, wala hakukana. Upande gani! Akaikumbuka aiskrimu, mama na mtoto, na shingo ile. Taratibu akainua mkono, akauweka karibu na sikio la dereva, akausogeza mbele. Dereva aliendelea kumtazama usoni, anangoja jibu. Mkono ulikuwa umekaribia pua ndipo alipopepesa.

"Tangu lini?" fundi akauliza.

Basi akamweleza, dada wa kipaza sauti akiendelea kuwahesabia watu milango ya soko. Ni presha ya macho. Pembeni pamefunga kwanza, mbele pamebaki kama tundu la ufunguo, na dawa inachelewesha tu, hairudishi. Baba yake alikuwa nayo. Siku chache baada ya ile mvua mwanamke alivuka akitokea kando, na alimwona tayari yuko mbele ya kioo. Hakumgusa. Lakini alizima gari pale pale, akarudisha funguo ofisini mwenyewe. Kesho anahamia kwa dada yake, mji mwingine.

"Leo uliniita ili uniambie nini?"

"Niliamka na maneno mengine," akasema. "Ulipotaja magodoro, nikamshukuru Mungu."

"Leo hii nairudisha hiyo posa."

"Usiirudishe."

"Hunipangii wewe."

"Mama alimshika baba mkono mpaka akasahau kuwa na yeye ana mikono," dereva akasema. "Alianza na nguvu kama wewe. Akafa kabla yake, kwa uchovu tu, na mwisho alikuwa anamchukia. Alijitahidi asionyeshe, ila sisi watoto tulijua. Nilimzika mama nikaapa."

"Mbona huniulizi mimi nataka nini?"

"Kwa sababu najua utasema ndiyo."

Alilia pale juu, mbele ya watalii, bila kujificha. Alimwambia yeye si mama yake. Alimwambia ni mbinafsi, ni mwoga. Akambembeleza. Akaapa kwa kaburi la wazazi wake. Yule bwana alimshika mkono muda wote, akatikisa kichwa muda wote, huku machozi yanamdondokea kwenye shati lake la pasi. Akasema zamani alikuwa anamwona kwenye kioo tu, kipande kipande, kwa hiyo alitaka siku moja amwone vizuri kwenye mwanga, na ameshamwona. Gauni la njano pia ameliona. Simu ya fundi iliita, jina la shangazi likatokea, na hakuna aliyepokea.

Jioni wakarudi kituo kikuu. Dereva alitaka amsindikize mpaka kwenye mlango wa basi lake, na fundi ndiye aliyemwongoza kati ya watu bila yeye kujua anaongozwa, au alijua akanyamaza.

"Kaa pale pale pako," akamwambia. "Nikuone unavyoondoka."

Lakini kiti cha nyuma ya dereva kilikuwa na mzee mwenye kofia, na basi limejaa. Fundi akasukumwa na watu mpaka nyuma kabisa, dirishani. Akakifungua kioo. Akamwita, na honi za kituo kizima zikameza sauti yake. Akatoa mkono nje, akaupunga, akaupunga.

Dereva alikuwa ananyoosha macho kwenye dirisha la mbele, ambapo kwa mng'ao wa taa kwenye kioo palionekana kivuli cha mtu tu. Akatabasamu, akainua mkono, akampungia yule mzee kwa muda mrefu. Mzee akashangaa, kisha kwa adabu akamvulia kofia.

Basi likaondoka. Fundi akapita karibu yake kiasi cha kuweza kumgusa bega, mkono wake bado uko nje, na dereva macho mbele, hata shingo hakugeuza. Ilikuwa vile vile kama siku ya mvua, siku aliyodhani amedharauliwa, akalia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa. Akaurudisha mkono ndani, akaufumbata mapajani kwenye gauni la njano. Heri ingekuwa dharau.