Kumsomea Baba Picha

Saa saba mchana kituo cha mabasi kilikuwa kimejaa pomoni, lakini mpima macho hakuona wala kusikia. Alikuwa ameinama juu ya meza ya vitabu vilivyotumika, gauni lake la rangi ya chungwa amelikusanya kwa mkono mmoja lisiburure vumbi, koti jeupe la kazini likining'inia begani. Vidole vyake vilipogusa jalada alilolitafuta kwa miaka kumi na mmoja, mkono wa mtu mwingine ulikuwa umeshalishika upande wa pili.

"Samahani kaka, hiki nimekiona mimi kwanza."

"Macho yako na mkono wangu vimefika pamoja, dada yangu."

"Macho ndiyo yaliyotangulia. Hiyo ndiyo kazi yangu, najua ninachosema."

Mwanamume akacheka. Alikuwa mrefu, shati lake la bluu limenyooshwa vizuri, ila pindo la mkono wa kulia lilikuwa na madoa ya wino. Baina yao kilining'inia kitabu cha katuni, *Binti Radi*, toleo la thelathini na moja: msichana mwenye joho jekundu akidaka radi kwa viganja juu ya maghorofa.

"Unakitaka cha nini?"

"Ninayo matoleo yote mia na nne isipokuwa hili."

"Na umeyasoma?"

"Kwani wewe ukinunua embe hulitazama tu?"

"Mtu mzima mwenye kazi yake," alimchokoza, "anasoma habari za watu wanaopigana angani."

Hapo alikuwa amemgusa panapomuwasha. "Ngumi ni chumvi tu, kaka. Na nguvu za shujaa hazinishughulishi, mimi natazama lile asiloliweza. Binti Radi anainua lori, lakini hawezi kuwahi nyumbani kula na baba yake. Hadithi iko hapo. Ukitaka kujua kuwa mwandishi amechoka, mtazame anapoanza kuua watu. Anamuua mtu leo, tunalia, baada ya matoleo sita anamfufua. Kifo kinakuwa kama mtu aliyetoka kwenda dukani."

Mwanamume akakiachia kitabu. "Chukua. Ila nipe namba yako, siku nikitaka kukisoma nijue kiliko."

Akampa. Jioni ile ile, akiwa bado kazini, simu ikalia.

"Kuna jambo sikukuambia," alisema yule bwana. "Yale maneno yaliyomo kwenye viputo, juu ya vichwa vya wahusika, huyatunga mwandishi. Lakini anayeyaandika kwa mkono ni mimi. Tangu toleo la sitini."

Mpima macho alipiga ukelele hadi mhudumu mwenzake akaangusha fremu ya miwani. "Nilijua! Toleo la sitini herufi ya R ilianza kupiga teke! Nikasema hapa kuna mkono mpya."

Tangu siku hiyo akamwita Mkono. Yeye akamwita Mboni, na alipoulizwa kwa nini, alijibu, "Mboni ya jicho hailindwi kwa kufikiri. Kope zinajifunga zenyewe." Mpima macho, ambaye alikuwa ameambiwa maneno matamu na wanaume kadhaa, hilo lilimwingia.

Miezi minne ilipita hivyo: simu za asubuhi, utani wa mchana, matembezi ya Jumamosi kwenye bustani nyuma ya maktaba. Ni hapo bustanini mpima macho alipomsimulia Mkono habari za baba yake. Mzee huyo alikuwa fundi wa lifti. Binti yake alipokuwa na miaka kumi na miwili, presha ya macho ilimpofusha mzee. Kila siku akitoka shule, binti alimsomea katuni, lakini maneno yalikuwa machache na picha nyingi, ikabidi amsomee picha. Picha ya kwanza, yuko juu ya paa. Picha ya pili, yuko chini, joho limechanika. "Na katikati ya picha hizo mbili pana nini?" baba aliuliza. "Pana mstari mweupe tu, baba." "Basi ndipo alipoanguka. Niambie kilichopo, mwanangu. Kisichopo nitakiona mwenyewe."

"Ndiyo maana nikawa mpima macho," alisema. "Na ndiyo maana hadi leo kila toleo namsomea."

Mkono aliushika mkono wake, akaubusu.

Toleo la mia na tano lilitoka siku ya Jumatano. Mpima macho alilifungua kazini kabla hata ya kukaa. Ukurasa wa tatu, babake Binti Radi amekuwa kipofu, fundi mstaafu wa lifti, na binti yake anamsimulia picha za gazeti. "Niambie kilichopo, mwanangu. Kisichopo nitakiona mwenyewe." Ukurasa wa mwisho mzee anasukumwa kutoka juu ya ghorofa, anakufa. Na R zote zilikuwa zinapiga teke.

Alipiga simu pale pale.

"Ulimwambia mwandishi habari za baba yangu?"

"Nilimsimulia kwenye chai, Mboni, kwa kukusifu. Sikujua ataichukua."

"Na ulipojua, ukaiandika."

"Niliiandika."

"Lini?"

"Wiki sita zilizopita."

"Wiki sita unaniita mboni ya jicho, na wino wa kifo cha baba yangu unakukaukia vidoleni! Usinipigie."

Nyumbani baba aliuliza kama toleo limetoka. "Bado," alijibu. "Mtambo wa kuchapia umeharibika." Mwezi uliofuata baba akauliza tena, na jibu likawa lile lile. Mkono alipiga simu mara kumi na tisa. Hakupokea hata moja, ingawa kila moja aliitazama hadi ilipokatika.

Jumamosi moja alasiri, akipanda ngazi kurudi nyumbani, alisikia sauti mlangoni mwao. Akasimama.

"Picha ya nne," Mkono alikuwa akisema, "unaning'inia ukingoni kwa vidole vya mkono wa kushoto."

"Ngoja kwanza," akasema baba. "Naanguka na kofia au bila kofia?"

"Bila kofia, mzee."

"Afadhali. Kofia ingewachekesha watu."

Mpima macho aliusukuma mlango. Mkono akainuka haraka, kitabu kikamdondoka. Baba hakujisumbua kugeuka.

"Mtambo haukai umeharibika miezi miwili, mwanangu. Nilikuwa fundi miaka thelathini."

"Baba, huyu amekuja kufanya nini?"

"Amekuja kuniomba radhi. Nikamwambia sitoi radhi kwa kitu ambacho sijasomewa. Kaa chini. Wewe kimekuuma nini?"

Alikaa. Machozi yalikuwa karibu, akayameza. "Wamekuua ili binti apate hasira ya kupigana. Umekuwa kiberiti cha kuwashia moto, kisha kinatupwa. Ndivyo wanavyowafanya wazee siku zote kwenye hadithi hizi."

"Hilo ni kosa la mwandishi, na umelijua vizuri. Kamwambie mwenyewe. Lakini miaka ishirini na miwili umekuwa macho yangu. Sikukuomba uwe na hasira yangu pia."

Aliinamisha kichwa. "Nilikudanganya, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Haya, na wewe kijana, sema."

Mkono alikuwa bado amesimama. "Kisa kilikuwa chako, Mboni, nikakitoa bila kukuomba. Kisha nikajua, nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kukupoteza. Kwa kunyamaza ndipo nikakupoteza. Sina utetezi. Mwandishi nimemweleza kisa ni cha nani. Anataka kukuona."

"Ataniona," alisema mpima macho.

Na kweli alimwona. Jumanne aliingia ofisi ya wachapishaji amevaa suti ya kijani na viatu vya kisigino, mkononi ana kurasa nne za maelezo, akabishana na mwandishi saa mbili nzima. Mwandishi alipojaribu kumtuliza kwa kusema wangeweza kumfufua mzee, ndipo alipopandisha sauti. "Mkimfufua nachoma matoleo yote! Mmemuua, basi afanyiwe msiba. Binti akae toleo zima bila kurusha ngumi. Afue nguo za baba yake. Mwone kama tutawakimbia."

Mwandishi, mtu mwenye majivuno yake, akaomba kalamu.

Toleo hilo lilikuwa mezani kwa Mkono wiki tano baadaye, mpima macho alipopita wakati wa chakula cha mchana. Chumba kilinuka wino na karatasi. Wachoraji wawili walikuwa wameinama dirishani. Alisimama nyuma yake, akamtazama akiandika kiputo cha mwisho, polepole, pumzi ameishika. Alijua kwamba hasira imekwisha, na kwamba hajawahi kumtaka mtu hivi.

"Mkono."

"Naam, Mboni."

"Nioe."

Kalamu ikasimama hewani. Wachoraji nao wakasimama. Mkono aliiweka kalamu chini, akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, ndipo akageuka.

"Umesema nini?"

"Umenisikia vizuri sana."

"Nimesikia. Nataka nisikie tena."

Akamkaribia, akaanza kulisema tena, taratibu, akimtazama usoni. Mkono hakungoja amalize.