Maumivu Kwenye Ngazi ya Kwanza

Kila jioni baada ya shule, Besse na wenzake hucheza kwa miguu mpira uliosukwa kwa henzirani kando ya nyumba yao iliyoinuliwa juu ya nguzo. Jioni moja alikaa juu mlangoni, goti limefungwa bendeji, akiwatazama tu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji mdogo. Daktari alisema goti likikunjika vizuri kufikia siku ya kliniki, atarudi kwenye timu. Lisipokunjika, mashindano atayasikia kwa wenzake.

"Bingwa wa kiti," mwenzake Tenri alimtania kutoka chini. "Linauma?"

"Wala."

Uongo huo alimwambia hata mama yake. Aliamini mchezaji hodari humeza maumivu, hamezi vidonge, kwa hiyo vidonge alivificha chini ya mkeka. Lakini kila alipojaribu mazoezi aliyopewa na daktari, goti lilimchoma akaacha. Likavimba, likakakamaa.

Mama alipokunja mkeka ili afagie, vidonge vikatawanyika. Hakugomba. Alimwita jirani yao, Nesi Hasna.

"Mama yako umemdanganya," Nesi alisema, akilipapasa goti. "Na hili je, utalidanganya?"

Besse akatokwa na machozi. "Linauma sana, Shangazi. Nilitaka kuwa jasiri."

Pale pale mbuzi mmoja akaanza kupanda ngazi ya nyumba. Nesi akapiga makofi, mbuzi akageuka.

"Umemwona? Angefika jikoni, tungemkimbiza na mwiko na wali umeshaliwa. Maumivu ni hivyo hivyo. Yawahi yakiwa chini."

Tangu hapo Besse alikula, akameza dawa kama alivyoandikiwa, akangoja itulize, ndipo akaviringisha mpira kwa unyayo, mbele na nyuma. Kisha aliinua mguu juu ya mito, barafu iliyofungwa kitambaa ikiwa juu ya goti. Likiuma, alisema linauma.

Siku ya kliniki daktari alilikunja goti, likakubali. Baada ya wiki chache za mazoezi, ruhusa ya kucheza ikatoka.

Besse alishuka ngazi mwenyewe, furaha imemjaa kifuani.

"Bingwa wa kiti, umeshuka?" Tenri aliuliza.

"Nimeshuka. Kaa chonjo."

Mbuzi alikuwa tena kwenye ngazi ya kwanza. Besse akapiga makofi, mbuzi akatimka, na uwanja mzima ukacheka.

"Sasa umejua, mwanangu," mama alisema kutoka mlangoni. "Ujasiri si kuficha maumivu. Ni kuyasema mapema, kisha kufanya kazi ya kupona."