Sanduku Zuri la Betri za Seremala

Seremala aliishi na mkewe ndani ya basi. Halikuwa basi la abiria tena. Viti vya nyuma alikuwa ameving'oa mwenyewe, akaweka kitanda, kabati, jiko la gesi na meza ya kukunja. Walizunguka nalo shule hadi shule, yeye akitengeneza madawati, mkewe akishona sare. Ukiwauliza, "Kwenu wapi?" walikujibu, "Hapo tulipoegesha."

Kila mtu alilisifu basi hilo isipokuwa mama mkwe. Aliishi peke yake, magoti yakimsumbua, na binti yake alitaka sana ahamie kwao. Mwishowe mama alikubali kujaribu.

"Nitalala usiku mmoja," alisema. "Nikiona ni nyumba, nitahama. Nikiona ni gari, nitashuka, na msinisumbue tena."

Basi lilikuwa uani kwa shemeji, mdogo wa mkewe Seremala, tangu mvua zianze. Siku chache kabla ya mama kufika, mke aliingia akabonyeza swichi. Taa haikuwaka. Feni kimya. Jokofu dogo lilikuwa na joto kama kabati la nguo.

"Mume wangu, betri zimekufa."

"Zife vipi? Nimezitunza kama mayai."

Alizitunza kweli, kwa jinsi alivyojua. Ile ya kuwashia injini ilikuwa mbele. Lakini betri mbili za nyumba, zile za taa na jokofu, alizitengenezea sanduku la mbao ngumu chini ya kitanda. Alilipaka vanishi mpaka unajiona uso. Kifuniko kilibana, hata wembe haupiti. Wageni walionyeshwa sanduku hilo kabla ya kupewa maji ya kunywa.

Shemeji alikuwa fundi wa umeme wa magari. Alikuja na glavu, miwani ya kukinga macho na kipima umeme. Alilizunguka sanduku.

"Shemeji, humu umemzika nani?"

"Acha utani. Fungua polepole, usilikwaruze."

"Fungua mwenyewe. Mimi nikilikwaruza, utamrudisha dada yangu kwetu."

Kifuniko kilipobanduka, ilitoka harufu kali. Vichwa vya betri, pale nyaya zinapofungwa, vilikuwa vimeota unga mweupe. Shemeji alikataza jiko lisiwashwe, akafungua madirisha yote. Alizima swichi kuu, akatoa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Walizibeba betri hadi uani, kivulini, penye hewa. Shemeji akafungua vizibo.

"Chungulia, lakini uvae miwani."

Seremala alichungulia. Maji yalikuwa yameshuka hadi sahani za ndani, zile za madini ya risasi, zikaonekana.

"Betri ikichajiwa hutoa gesi," shemeji alieleza. "Gesi ikikosa pa kutokea, cheche moja tu hulipua. Na maji hupungua. Ulizikagua lini?"

Seremala alikohoa. "Kitu kilichokaa vizuri hakisumbuliwi."

"Hicho ni kiti, shemeji. Betri ni ng'ombe wa maziwa. Humfungii zizini ukabaki kusifu ngozi yake."

Mke alicheka mpaka akaegemea basi.

"Na wewe dada usicheke. Jokofu mliliacha limewashwa msimu mzima wa mvua. Gari likilala, swichi kuu izimwe. Betri hizi zisishuke chini ya nusu. Zikikaa tupu, zinaharibika."

"Zitapona?" mke aliuliza, hacheki tena. "Mama anakuja."

"Hazijavimba wala kupasuka. Zingevimba nisingezichaji. Tujaribu."

Alimpa Seremala chupa. "Soma kwanza. Ni maji yaliyosafishwa, si asidi, wala si ya bomba. Funika sahani tu. Tutajaza hadi alama chaji ikishajaa, maana maji hupanda."

Walirudisha vizibo, wakasugua vichwa kwa soda ya kuokea iliyokorogwa majini, wakasuuza, wakakausha. Chaja ikiwa bado imezimwa, shemeji alifunga waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Ndipo akaiwasha, chaji ya polepole, betri moja baada ya nyingine.

Betri zikinywa umeme, Seremala alishika keekee. Alilitazama sanduku lake kama baba anayempeleka mwanawe kuchomwa sindano. Kisha akatoboa. Chini aliweka matundu ya kuingiza hewa, akayapanga kama petali za ua. Juu aliweka bomba la kutoa gesi nje ya basi. Kifuniko akakitia bawaba kifunguke kwa kidole.

Chaji ilipojaa, walijaza maji hadi alama. Betri zikapumzishwa, kisha shemeji akapima.

"Zimeshika. Si kama mpya, lakini zinafaa. Sasa kagua maji kila mwezi."

Alipozirudisha alifunga chanya kwanza, hasi mwisho, akavipaka vichwa grisi.

Mama mkwe alipofika, taa ziliwaka, feni ilizunguka, maji ya kunywa yalikuwa baridi. Seremala, kifua mbele, alimfungulia sanduku, akamweleza chanya na hasi, maji na gesi.

"Mkwe wangu," mama alisema, "nimekuja kulala, si kusoma."

Lakini aliinama akayagusa yale matundu, akayatazama sana.

Asubuhi binti yake alimkuta kwenye kiti cha mbele, amefunga mkanda.

"Mama, unashuka?"

"Nishuke niende wapi? Mwambie mumeo awashe gari. Tupite kwangu kwanza, nikachukue godoro langu."