Ubani Kwenye Shati la Uthman

Apa kwanza. Weka mkono kifuani, useme wallahi neno hili halitatoka kinywani mwako. Umeapa? Haya. Kaltumi naye alimwapisha Rosalba hivyo hivyo, kwa jina la Bikira Maria kwa kuwa Rosalba ni Mkatoliki. Rosalba akaapa mara mbili, na kabla maharage yake hayajaiva, wake wote wa askari jela wa Luzira walikuwa wameshajua. Kwa hiyo hatuvunji kitu hapa, kilishavunjwa zamani.

Mambo yalianza na shati.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Wahindi wafukuzwe. Sajini Uthman wa stoo ya jeshi alikuwa amepewa nyumba ya Mhindi mmoja, kwenye mteremko unaotazama ziwa: vigae vyekundu, veranda, choo cha ndani, na nyuma ya jiko mwafu mkubwa, ule mti wa matunda meusi yanayolowekwa kwenye maji ya moto. Watu wanne wakishikana mikono hawauzunguki. Asubuhi moja mkewe Kaltumi alikuwa akifua, akalinusa shati la mume kwapani, kama wanawake wote wanavyofanya na kukataa kwamba wanafanya.

Shati lilinukia ubani.

Sasa elewa. Wale ni Wanubi, na mwanamke wa Kinubi hujifukiza ubani kwa ajili ya mumewe, si kwa ajili ya kufukuza mbu. Na wakati ule hata sabuni ilikuwa ya kupigania foleni. Chetezo cha Kaltumi kilikuwa juu ya kabati miezi mitatu, buibui amejenga ndani. Kama chetezo cha mke kina buibui na shati la mume lina ubani, basi kuna chetezo kingine mahali kinafuka moshi.

Akamwita uani jirani yake Rosalba, mke wa askari jela, akamwapisha, akamwuliza, "Dada, niambie kweli. Umesikia Uthman ameoa?"

Rosalba akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Huyo? Ataoa saa ngapi? Akitoka kazini, mti. Jumapili, mti. Bwana yako ameoa mti, Mama Jalia!"

Kaltumi akacheka pia, lakini upande mmoja wa mdomo.

Kweli yenyewe, Uthman alikuwa amepagawa na mwafu ule. Alimchukua Odoch, Mwacholi aliyekuwa fundi wa miti wa yule Mhindi, na kila masika wawili hao walikuwa juu na msumeno, wakipunguza matawi yaliyolalia vigae. Walizibua mifereji ya paa iliyojaa majani. Walichimba mtaro ili maji ya mteremko yasituame kwenye mizizi. Odoch alifundisha, Uthman alisikiliza kwa umakini ambao Kaltumi hakuwahi kuupata hata siku moja.

"Ukikata tawi, Sajini, usiguse ule mkunjo wa gome pale shinani," Odoch alisema. "Hapo ndipo atafungia kidonda. Mti haiponi kama mtu. Inafumba midomo tu, na kitu ikiwa ndani, inabaki ndani."

"Na huu utomvu?" Kaltumi aliuliza kutoka mlangoni. Kwenye jeraha la tawi palikuwa na tone jeupe. Odoch akalichota kwa kidole, akamnusisha.

Ubani!

Moyo ukashuka mahali pake. Kumbe ni utomvu wa mti! Usiku huo Kaltumi alimpikia mumewe wali, akamwambia pole kwa jambo ambalo Uthman hakulijua. Furaha ile ilidumu siku moja.

Kesho yake alasiri mvua ilitoka ziwani, ile mvua ya Kampala isiyobisha hodi. Kaltumi alikimbia kuanua nguo, akatupa jicho chini ya mwafu, akasimama. Uwanja wote ulikuwa tope. Lakini kwenye mizizi palikuwa na mahali pakavu, vumbi kabisa, ukubwa wa mkeka wa watu wawili. Uthman alikuwa amekaa hapo, shati lake kavu, ameegemea shina, anacheka. Kilikuwa kicheko cha chini chini, kile alichokuwa akimchekea Kaltumi walipokuwa wachumba kule Bombo, na ambacho hakikusikika nyumbani mwao miaka tisa.

"Ulikuwa unacheka na nani?" alimwuliza alipoingia.

"Mvua," akajibu.

Wiki ile bangili ya Kaltumi ya fedha, ile aliyovishwa siku ya ndoa, ilipotea kwenye dirisha la jiko alipoivua akiosha vyombo. Uthman hata hakugeuka. "Utakuwa umeipoteza mwenyewe." Na kila mvua ilipoanza, juu ya dari palisikika kitu kikipita polepole, kikirudi, kikipita tena, kama kitana kwenye nywele ndefu sana. Kaltumi alitazama juu, kisha akamtazama mumewe, akamwona anasikiliza huku amefumba macho, kama mtu anayengoja kuitwa.

Mwanamke akiibiwa mume na jirani, ataenda kwa jirani. Akiibiwa na mti, aende wapi? Kaltumi alichukua kisu cha jikoni.

Alifanya kazi mvua inaponyesha tu, Uthman akiwa stoo, kwa sababu mvua ilimeza sauti. Alibambua gome, upana wa vidole vitatu, leo kidogo, kesho kidogo, akilizunguka shina kuanzia upande wa ukuta wasikopita watu, akifunika kidonda kwa tope. Mti ulitoa machozi meupe, nyumba ikajaa ubani mpaka chai ikanuka ubani. Naye Kaltumi akaanza kuona ngozi ya mkono wake wa kulia inabanduka, pale pale ilipokuwa bangili, mstari mwembamba unaouzunguka mkono, unaorefuka kila alipokata. Akaufunika kwa kitambaa akaendelea. Wivu, mwanangu, hauna dawa ya kupaka.

Jumatano Odoch akaona. Alimwita Uthman.

"Sajini, njoo. Mtu anavua huyu ngozi. Akimaliza duara, mti inakufa imesimama, halafu inaangukia nyumba."

Uthman alipapasa kidonda. "Nani?"

Ndipo Kaltumi, kutoka mlangoni, akasema polepole, "Nani mwingine hapa ana kisu cha miti?"

Odoch akamtazama. Siku zile jeshi lilikuwa likiwawinda Waacholi, na Mwacholi aliyesingiziwa nyumbani kwa mwanajeshi hakuwa na wa kumtetea.

"Mpaka kesho jioni," Uthman akamwambia. "Nisipompata aliyefanya hivi, vijana watakuja na gari." Kila mtu alijua gari gani, na kwamba anayepelekwa nalo hukaa kwenye buti, kule nyuma kwa mizigo, na kwamba halirudi naye. Odoch hakukimbia. Angekimbia angekuwa amekiri, na mke wake Laker na watoto wangebaki kulipia.

Kaltumi hakulala. Alimwona Odoch ndani ya buti kila alipofumba macho. Alijua neno moja lake lingemwokoa. Lakini duara lilikuwa limebakiza vidole vinne tu, na upande wa pili wa kitanda Uthman alikuwa ananukia ubani.

Alhamisi saa tisa mchana mbingu iligeuka nyeusi, mvua ikashuka. Kaltumi akatoka na kisu, akapiga magoti kwenye tope, akaona kidonda chake kimeanza kufumba midomo, minene, yenye unyevu, na kati ya midomo hiyo tundu ambalo jana halikuwepo, na ndani ya tundu, mbali kidogo, kitu kinang'aa. Akainama, akakitambua, ilikuwa bangili yake, na kwa hasira ya kuiona humo akasahau hofu, akasahau Odoch, akaingiza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, na vidole vyake vilipoigusa fedha aligundua kwamba bangili imevaliwa, kwamba iko kwenye mkono wenye joto, laini, ambao uligeuka taratibu ukaushika wake, vidole katikati ya vidole, kama bibi harusi anavyoshikwa, na midomo ya mti ikabana.

Alipiga kelele iliyosikika mpaka gerezani.

Watu wakaja mvuani. Rosalba alikuja amejifunika jani la mgomba, na wake wa askari nyuma yake. Odoch alikuja na msumeno. Uthman aliingia wa mwisho, ndiyo kwanza anatoka kazini. Wote wakamwona Kaltumi: mkono mmoja ndani ya mti, mwingine umeshika kisu chenye utomvu, na maganda mabichi magotini.

"Banange, jamani," Rosalba akasema. "Kumbe ni wewe?"

"Mama Jalia," Odoch akasema. Akakaa kwenye tope. "Mama Jalia, mimi nina watoto."

"Nivuteni!" Kaltumi alilia. "Nitasema yote, nivuteni tu!"

Wakamshika kiunoni wakavuta. Mkono ukatoka mpaka kifundo, ukatoka kiganja, kisha wote wakaacha kuvuta kwa pamoja. Vidole vya Kaltumi vilikuwa wazi, vimenyooka. Havikuwa vimeshika kitu. Vilivyoshika vilikuwa vidole vingine kutoka ndani ya mti, vyenye hina mbichi kama ya bibi harusi, na juu yake bangili ya fedha.

Uthman akapita katikati yao, akainama kwenye tundu, akasema kwa upole, kwa sauti ambayo Kaltumi aliijua tangu Bombo:

"Mke wangu, mwachie."

Vidole vya hina vikafunguka kimoja kimoja, vikarudi ndani, na bangili yao.

Kaltumi alianguka chali na kisu chake, lakini hakuna aliyekuwa akimtazama tena. Mvua ilikuwa ikimwagikia Rosalba na jani lake, ikimwagikia Odoch na msumeno wake, ikimwagikia kila kiumbe kwenye uwanja ule. Wote walikuwa wakimtazama Uthman, aliyepiga magoti mbele ya mti, na shati lake lilikuwa kavu.