Mwiba Alipoacha Kubisha

Asubuhi ya kusomwa bajeti, ukumbi wa baraza la mji ulifurika. Bawabu aliwapitisha waandishi wa magazeti, akawazuia watu wawili: mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi, na mwanamke wa gauni la buluu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa haraka. Wote wawili walikuwa wanablogu wa siasa walioandika kwa majina ya kupanga, na blogu, alisema bawabu, si gazeti.

Mwanamume alibisha hadi bawabu akageuza uso. Mwanamke akamtambua kwa ubishi huo.

"Wewe ndiye Mwiba," alisema.

"Na wewe?"

"Kurunzi. Wiki iliyopita uliandika kwamba sina betri."

Mwiba alitahayari. "Sikuwa nimekuona."

"Ungeniona ungeandika nini?"

"Yaleyale, ila kwa adabu."

Kurunzi alicheka, na kicheko chake mwenyewe kikamshtua. Tangu mama yake afariki aliishi peke yake ghorofani, redio akiiwasha ili tu nyumba iwe na sauti. Mwiba naye alikuwa amefiwa na mkewe, akazoea kula wima jikoni, maana meza ya mtu mmoja humkumbusha mtu mengi.

Hazikupita siku nyingi, mchapishaji mmoja akawaomba wageuze maandishi yao kuwa kitabu kimoja juu ya siasa za mji. Wakapatana hivi: kila mmoja aandike sura yake, mwenzake aishambulie kabla wasomaji hawajaishambulia. Walibishana kwenye simu kila jioni, hata jirani yake Kurunzi akadhani ameolewa. Katikati ya mabishano neno "mpenzi" likapenya, wala hakuna aliyelikosoa.

Hapo ndipo Mwiba alipoteleza. Mapenzi yalipomkolea, aliacha kubisha. Kila sura aliyotumiwa aliijibu kwa neno moja: safi. Alidhani huko ndiko kumtunza.

Katika sura ya maji, Kurunzi alimtuhumu diwani mmoja kwamba alikula fedha za zabuni ya mabomba. Shahidi wake alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amefukuzwa kazi na diwani huyohuyo. Mwiba aliliona hilo. Akajibu: safi, mpenzi.

Mhariri wa mchapishaji aliirudisha sura ile, akauliza mbele ya ofisi nzima kama waandishi hawa wawili huwa wanasomana. Kurunzi alitoka pale akitazama sakafu. Jioni akapiga simu.

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Sikutaka kukuudhi, mpenzi wangu."

"Wa kuninyamazia ninao. Nikirudi nyumbani, kuta zote nne zinaninyamazia. Wewe nilikupendea kusema."

Akakata simu. Kitabu kikalala. Mwiba alipiga, hakupokelewa. Akaandika maneno matamu ya kuomba radhi, akayasoma, akayafuta. Aliona ni "safi" nyingine, ndefu zaidi. Nyumba yake ikawa kubwa kuliko alivyoijua.

Mwishowe aliifungua sura ya maji, akaikosoa mstari kwa mstari, bila huruma, akaonyesha ni nani wengine wa kuhojiwa. Akaituma bila hata salamu, akijua kwamba huenda ndiyo barua yake ya mwisho kwake.

Siku ya pili simu ililia.

"Ukurasa wa tatu umekosea wewe," alisema Kurunzi.

Walibishana mpaka sauti zikawakauka.

"Upo?" aliuliza Kurunzi.

"Nipo. Nataka tuoane."

"Kwa sababu gani?"

"Nikiwa peke yangu, sijui ninapokosea."

Kurunzi alipojibu, sauti yake ilikuwa imelowa.

"Hiyo ni sababu moja. Haitoshi."

Mwiba akataja ya pili. Kurunzi akaipinga. Akataja ya tatu.