Noti Zilizolaliana

Kijiti cha kwanza Mkasi alikifuta kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Kwenye skrini ya kompyuta yake, kila noti iliyopigwa kwenye kinanda ilionekana kama kijiti cha kijani, na hiki kilikuwa kimelala juu ya kingine, sauti ileile, mahali palepale. Noti zikilaliana hivyo, mwisho wa ile ya kwanza huizima na ya pili, na wimbo hukatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Alifuta, akanywa funda, akatazama. Kijiti kilikuwa kimerudi.

"Mjinga wewe," aliiambia kompyuta.

Chumba cha nyuma cha nyumba yake ndicho kilikuwa studio, na jina la Mkasi alilipata humo, kwa kutosamehe noti iliyozidi hata kwa unywele. Aliyemkera kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kike, mpiga kinanda, mwenye vidole vifupi vilivyochelewa kuachia vibao. Siku ya mwisho waliporekodi, katikati ya wimbo ambao binti huyo alimtungia mama yao, Mkasi aligonga meza na kumwambia, kinanda kikiwa bado kinalia, "Heri apige shetani kuliko wewe."

Dada mtu aliupiga wimbo mpaka mwisho, akachukua mkoba wake akaenda. Wiki ya pili homa ikamchukua, na walikuwa hawajasemezana.

Sasa mama yao alikuwa anakuja alasiri hiyo kuusikiliza. Alikuwa ameuomba miezi mitatu, kila siku akiulizia, na Mkasi kila siku akisema bado anausafisha. Nakala nyingine haikuwepo. Mkasi hakuwa mtu wa kuweka nakala. Mkasi haukati mara mbili, ndivyo alivyozoea kujisifu.

Alifuta vijiti saba, vikarudi kumi na vinne. Kila noti hubeba namba ya nguvu iliyopigwa nayo, na za mdogo wake zilikuwa arobaini, hamsini, mkono mpole. Hizi ngeni zote zilikuwa mia na ishirini na saba, kipimo cha mwisho, kama za mtu anayepiga kwa ngumi. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Alipapasa nyaya, zilikuwa baridi.

Angekuwa mtu mwingine angetoka nje. Wahenga walisema hasira hasara, lakini Mkasi hakuwahi kukaa kitako kuwasikiliza wahenga, na kila alipofuta kijiti, kibao kimoja cha kinanda pale pembeni kilishuka chenyewe, taratibu, kikapanda, naye akakiona kwa pembe ya jicho na kujiambia hajakiona, akafuta tena kwa nguvu zaidi, jasho likimtiririka mgongoni, akiilaani kompyuta, akiulaani umeme, akimlaani na marehemu kwa vidole vyake, mpaka kila noti ya mdogo wake ikawa imelaliwa na ngeni. Ndipo akachagua wimbo mzima na kuiamuru programu: popote noti zinapolaliana, ibaki yenye nguvu, nyingine ifutwe.

Akabonyeza. Akahifadhi.

Vijiti vilinyooka, safi, hakuna kilichogusa kingine. Harufu ikakatika. Mkasi akacheka peke yake.

Mama yake alikaa kwenye kiti cha binti yake, mikono mapajani. Wimbo ulipoanza alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka polepole.

"Zima," alisema.

"Mama, ndio kwanza—"

"Anayepiga hapo ni nani?"

Mkasi alisema ni mdogo wake, nani mwingine. Mama yake alimtazama kwa hasira ambayo hakuwahi kuiona usoni mwake tangu azaliwe.

"Usinidanganye. Mkono wa mwanangu nimeuosha mimi, mpaka siku ya mwisho. Mkono ule haufiki hapo." Sauti yake ilishuka. "Mwanangu umemtoa humo. Umemwingiza nani?"

Mkasi akatazama skrini. Zile noti za arobaini na hamsini hazikuwepo hata moja. Akabonyeza kurudisha nyuma, hakikurudi kitu. Akakumbuka alichosema pale pale, kwenye meza ile ile, kinanda kikiwa kinalia.

Alitambaa chini ya meza akachomoa waya ukutani. Skrini ikawa nyeusi, taa za spika zikazimika. Mama yake alikuwa ameshasimama, anamvuta kwa shati kuelekea mlangoni, anamwambia kwa kunong'ona, "Twende, mwanangu, twende."

Nyuma yao vibao vya kinanda viliendelea kushuka na kupanda, vikiwa vimeachana kuliko mkono wa mtu unavyoweza kufika. Wimbo ulifika mwisho, ukaanza upya. Ulipigwa vizuri sana, na hakuna noti hata moja iliyolalia nyingine.